MGENI WAKO NI MAMA YAKO

(Maandishi ya mazungumzo kwa vijana na wazazi wa Meru na Embu)



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu, dada yangu, nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya kijana ughaibuni. Najua wengi wenu mkisikia neno hilo mnataka kujua viza inapatikana vipi na mshahara ni pesa ngapi. Hayo nitayagusa. Lakini leo nataka nikueleze jambo ambalo halizungumzwi sana: siku ile mzazi wako anapopanda ndege kuja kukutembelea. Siku hiyo ndiyo utakayojua ulikuwa unaishi vipi.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Meru. Upande wa baba, Allah amrehemu, ni watu wa Embu. Mwaka 2013 nilikwenda kusoma Leicester, Uingereza. Mwaka 2016 nilimaliza, na mama akaja kuniona kwa sababu mwezi wa saba nilikuwa na mahafali. Aliingia mwezi wa Juni, siku ya tatu ya Ramadhani ya mwaka 1437. Alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa Mombasa, harusini.

KABLA MGENI HAJAFIKA

Tuanze na mambo ya kawaida, maana hapo ndipo watu hukwama.

La kwanza ni makaratasi. Viza ya matembezi ya Uingereza humruhusu mgeni kukaa mpaka miezi sita. Utaandika barua ya mwaliko, utaonyesha atalala wapi na nani atamlisha, na yeye ataonyesha kuwa ana sababu ya kurudi nyumbani. Kila unachoandika kiwe kweli. Ada ukishalipa hairudi hata ukinyimwa, na uongo ukigunduliwa unakufungia mlango kwa miaka.

La pili ni bima ya afya. Usiseme "mama yangu mzima, haumwi kitu." Kule mgeni akipelekwa chumba cha dharura hatozwi, lakini akilazwa wodini kama si mkaazi anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama ya matibabu. Bili moja kama hiyo inaweza kumaliza akiba ya familia nzima. Mkatie bima kabla hajaondoka.

La tatu ni mzigo, na hapa sisi watu wa Meru tusikilizane vizuri. Usiku wa kuamkia safari mama alinipigia. Mzee mmoja jirani yetu, mtu mwema, wa safu ya mbele msikitini, amekuja na kifurushi kimefungwa kwa majani ya ndizi. Anaomba kipelekwe kwa mwanawe aliyeko London. Mama akaniuliza, "Hii si ni zawadi tu? Nitaikataaje ya mzee?"

Ilikuwa miraa. Unajua kwetu miraa ni heshima, haiendi posa bila miraa. Na zamani ilikuwa inasafirishwa London kwa ndege kihalali kabisa, watu wa Igembe na Tigania wakajenga nyumba kwa biashara hiyo. Lakini Uholanzi ilifunga mlango mwaka 2013, na Uingereza ikapiga marufuku kuanzia tarehe 24 Juni 2014. Tangu siku hiyo ni dawa ya kulevya mbele ya sheria yao. Nchi za Ghuba, Saudia na Emirates, nako ni hatari tupu. Tuache mjadala wa masheikh juu ya kutafuna. Mimi nakwambia hivi: mama yako angeshikwa uwanja wa ndege na bunda la zawadi, na hiyo "salamu kwa mwanangu" isingemtetea.

Nikamwambia, "Mama, mpe mzee simu." Tukasalimiana, nikamweleza kwa adabu. Akacheka akasema, "Haya mwanangu, basi nitamtumia dua." Kumbe alikuwa hajui tu. Kwa hiyo wazazi, kanuni iwe moja: usibebe kifurushi ambacho hukukifunga kwa mkono wako, hata kikiwa cha nani.

Mama akaja na unga wa wimbi, majani chai na njahi. Alhamdulillah.

SAUMU YA SAA KUMI NA NANE

Ukitoka Embu, ukapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, kabla hujaingia Meru mjini unavuka mstari wa Ikweta. Tunaupita na matatu kila siku hatuufikirii. Lakini mstari ule ni neema kwa mfungaji. Kwetu Ramadhani ije Januari au ije Julai, saumu ni kama saa kumi na tatu u nusu. Alfajiri inaingia kwenye saa kumi na moja, magharibi saa kumi na mbili u nusu, basi.

Leicester mwezi wa Juni jua linazama saa tatu u nusu usiku. Isha inakaribia saa tano. Ukimaliza tarawehe ni saa sita imepita, na kabla ya saa tisa uwe umemaliza daku. Yaani usiku wote ni kama saa tano tu, na saumu ni zaidi ya saa kumi na nane. Isitoshe, mwezi huo kule giza haliingii sawasawa usiku kucha, kwa hiyo hata wanavyuoni wana hitilafu juu ya hesabu ya alfajiri. Kijana ukifika nchi kama hiyo usijitungie ratiba yako. Fuata msikiti wa hapo ulipo.

Siku ya kwanza mama alipiga simu nyumbani. Dada yangu akajibu huku anatafuna, "Mama, sisi tumeshafuturu!" Kwetu Leicester ilikuwa saa kumi u nusu. Bado saa tano nzima. Mama akaniangalia, akacheka, akasema, "Hawa watoto wameniacha."

Nikamwambia, "Mama, wewe ni msafiri, unayo ruhusa." Msafiri na mgonjwa wana ruhusa katika Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara, na siku atazilipa. Akakataa. "Nimekuja kukutembelea wewe, sikuja kula Ramadhani." Ungefanya nini? Nilinyamaza.

Siku ya tano, baada ya laasiri, nilimkuta amekaa kitandani anatoka jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu baba. Nilidhani ni kiharusi. Nikapiga simu, ambulensi ikaja, na yule muuguzi swali lake la kwanza lilikuwa: "Mama ana kisukari?" Nikasema hapana. Akamtoboa kidole, akapima. Sukari ilikuwa imeshuka mpaka chini ya 3. Wakampa glukosi. Baada ya nusu saa mama akarudi, akaanza kunitambua.

Kumbe ana kisukari miaka minne. Vidonge alikuwa amevificha ndani ya soksi, kwenye sanduku. Alivimeza usiku daku, kipimo kile kile cha Meru, akakaa navyo saa kumi na nane bila kitu tumboni.

TULIKUWA WAWILI TUNAOFICHANA

Nikamuuliza, "Mama, mbona hukuniambia?" Akajibu, "Ungejua ungeniambia nisije."

Wallahi nilitaka kukasirika. Lakini ningekasirika kwa uso gani? Maana na mimi nilikuwa na yangu.

Miaka mitatu nilimwambia mama naishi "kwenye nyumba nzuri" na nafanya kazi "ofisini". Ukweli ni kwamba nilikuwa na chumba kimoja tukilala wawili, mimi na kijana wa Kisomali, Allah amlipe, aliyehamia kwa rafiki yake ili mama apate kitanda. Na kazi yangu ilikuwa kupanga maboksi usiku kwenye ghala, saa zisizozidi ishirini kwa wiki kipindi cha masomo, kwa sharti la viza ya mwanafunzi. Kazi ya halali, haina aibu yoyote. Aibu niliitengeneza mwenyewe. Nilipiga picha nimeegemea gari la mtu, nikaituma nyumbani, sikusema ni langu, lakini pia sikusema si langu. Mnanielewa.

Mama alipoingia chumba kile siku ya kwanza alitazama kuta nne, akasema "Mashaallah", akatandika mkeka akaswali. Hakuuliza chochote. Mimi nikaona nimesalimika.

Usiku ule wa ambulensi, baada ya kufuturu, ndipo akasema. "Mwanangu, chumba hiki hakinisumbui. Mimi nimekulea kwenye chumba kidogo kuliko hiki. Kinachonisumbua ni ami yako wa Embu."

Nikauliza ami ana nini. Akasema ami ameweka sokoni kipande cha shamba la kahawa, ili binamu yangu naye aende ng'ambo. Kuna wakala amewaahidi kazi Ghuba. Ameshapokea malipo ya mwanzo, anangoja mengine. Na kila mtu akimuuliza ami kama ana hakika, yeye anatoa simu anaonyesha picha yangu na lile gari. "Huyu kijana wetu alikwenda na begi moja tu. Tazama."

Ndugu yangu, uongo wangu nilidhani ni wa kumfurahisha mama tu. Sikujua unatembea. Ulitoka Leicester ukafika Embu, ukaingia shambani kwa ami yangu.

Nilimpigia saa ile ile. Huko kwenu ilikuwa saa nane usiku, nikamwamsha. Nikamwambia yote: chumba, maboksi, gari la watu. Ami alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Umechelewa kusema, lakini umesema." Shamba halikuuzwa. Ile pesa ya mwanzo aliyopewa wakala haikurudi mpaka leo. Binamu yangu alikaa mwaka hasemi na mimi. Leo ana duka la vipuri vya pikipiki Runyenjes, na tunasemezana.

Simaanishi msiende. Pesa za Wakenya walioko nje zinalea familia nyingi. Mwaka 2024 walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya. Lakini kabla ya kulipa wakala, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, soma mkataba, na usiuze ardhi kwa sababu ya picha.

WAHINDI WALIOONGEA KISWAHILI

Nikupeni na jambo la kufurahisha. Baada ya siku chache mama akapata nguvu, nikamtembeza madukani. Tukaingia duka moja kununua tende. Mzee wa Kihindi akamtazama mama na leso yake, akasema, "Mama, karibu sana. Unatoka wapi?" Kwa Kiswahili! Mama alishika meza.

Leicester wamejaa watu hao. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku tisini waondoke. Baraza la mji wa Leicester likatoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, mji umejaa. Wakaja hivyo hivyo, kwa maelfu. Wengine walitoka Kenya kabla yao. Wakafungua viwanda na maduka, na leo ukiutoa mchango wao mji ule hautambuliki. Sensa ya 2021 ilionyesha hakuna watu wa asili moja wanaofika nusu ya wakaazi wake.

Mzee yule alizaliwa Jinja. Mama alipomsimulia kisa chetu, maana mama hanyamazi na mtu anayeongea Kiswahili, mzee akatikisa kichwa. Akasema baba yake mwaka wa kwanza waliishi watu saba chumba kimoja, na barua alizoandika Nairobi zilisema maisha ni mazuri sana. Basi akaja ndugu yake na mke na watoto wanne, akabisha hodi. "Tukawa kumi na tatu," akasema. "Tangu siku hiyo baba aliandika ukweli."

Kila jioni mpaka Idi alimtumia mama tende na ndizi. Mgeni alimkirimu mgeni.

Na sisi tusisahau tulikotoka. Majengo ya Meru na Majengo ya Embu hazikujengwa na watu waliozaliwa pale tu. Wazee wetu wengi walikuwa wasafiri na wafanyabiashara, wakapokewa na wenyeji wa Mlima Kenya wakapewa mahali pa kulala. Ukarimu tunadaiwa.

HAKI ZA MGENI, NA ZA MWENYEJI

Dini yetu imeufunga ukarimu na imani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho na amkirimu mgeni wake. Akatufundisha pia kuwa ugeni una siku tatu, zaidi ya hapo ni sadaka, na mgeni asikae mpaka akamtia mwenyeji dhiki. Bila shaka mama si mgeni wa siku tatu, mama ana haki yake mbali. Lakini mjomba, binamu na rafiki wa rafiki, wajue hivyo.

Mtazame Nabii Ibrahim (A.S.). Wageni walipomjia alitoka kimya kimya akaenda kwa ahli zake, akarudi na ndama aliyenona, akawasogezea karibu. Hakuwauliza kwanza "mtakula?" Mgeni ukimwuliza atasema hapana, hasa akiwa mzazi. Kwa hiyo usimuulize mama kama anasikia baridi. Mletee blanketi.

Na mtazame Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina. Mtungi wa maji ulipovunjika ghorofani, yeye na mkewe waliyafuta maji kwa blanketi lao, na walikuwa na hilo moja tu, ili tone lisimdondokee Mtume aliyekuwa chini. Blanketi moja! Wala historia haikutuambia walimficha mgeni hali yao. Waliyokuwa nayo waliyatoa. Ukarimu ni huo. Kukopa ili mgeni akuone tajiri ni kitu kingine.

Nimalizie na nasaha fupi.

Wewe kijana uliyeko nje: sema ukweli wa hali yako, hata kidogo kidogo. Ukipata kazi ya kufagia, sema nafagia na ni halali. Mzazi akija, muulize dawa zake kabla hujamuuliza unga wa wimbi. Mkalishe na daktari kabla ya Ramadhani, wiki sita au nane mapema, apangiwe vidonge upya. Mwenye kisukari akipima damu kwa kidole hafungui, na akikuta sukari imeshuka chini ya 4, au imepanda kupita 16, afungue hapo hapo. Si dhambi. Dhambi ni kujiua.

Mama aliacha kufunga baada ya siku ile. Sheikh wa msikiti alimweleza kwa upole: ukirudi Meru, daktari akikuruhusu, lipa siku zako katika saumu ya saa kumi na tatu. Akikukataza moja kwa moja, lisha maskini mmoja kwa kila siku. Mama alilia. Akasema, "Miaka hamsini sijala Ramadhani mchana." Nikamwambia, "Aliyekuamrisha ufunge ndiye aliyekuruhusu ufungue." Daktari wa Meru alimkataza. Tangu hapo kila mwaka anapika githeri na kuigawa Majengo, na asiyejua hudhani ni sadaka tu.

Na nyinyi wazazi: msitufiche maradhi yenu kwa kutuhurumia. Tukiwa mbali tunaomba dua kwa kujua. Tukifichwa, dua yetu haijui inakwenda wapi. Na msimpime kijana kwa picha. Muulizeni analala wapi, anakula nini, anaswali na nani. Akinyamaza, msimtangazie. Mpigieni tena kesho.

Wewe unayesoma haya na una mtu wako nje, mpigie leo kabla ya futari. Muulize swali moja ambalo hujawahi kumuuliza. Kisha mwambie na wewe jambo moja ambalo umekuwa ukimficha.

Tunamuomba Allah (S.W.) azipokee saumu zetu, awahifadhi wasafiri wetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe na wazazi wetu katika kheri hapa duniani na kesho Akhera. Amin.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakaatuh.